Daftari la Akheri

Alhamisi, 11 Septemba 2025
Kupanda kuelekea Nkoaranga nimelazimika kukatisha na kuingia migombani. Damu tena. Kwetu wakimbiaji, mguu ukiuma unasema, na wenzako wanakukanda. Tumbo halisemwi. Unajibu "taifodi inanisumbua", na watu wanaridhika. Taifodi nimetibiwa, amiba nimetibiwa, dozi zikaisha na tumbo likabaki vilevile. Daktari wa leo ndiye wa kwanza kuniuliza kama huwa naamka usiku kwenda chooni. Naamka. Anasema huenda ni vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka kuushambulia utumbo. Unatulia, kisha unarudi, pengine maisha yote. Hajathibitisha. Anataka kamera ipite kwanza, hospitali ya KCMC.

Jumatatu, 15 Septemba
Tumbo limeniamsha usiku wa manane, ndiyo maana nimemwona Simbu, mkimbiaji wetu. Marathoni ya dunia, Tokyo. Kwetu ilikuwa imepita saa tisa na nusu usiku yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walipofika utepeni pamoja: wote 2:09:48, picha ikawatenganisha kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha! Nimepiga kelele mpaka mama akaja kugonga mlango akidhani nimezidiwa. Kisha nimelia, na si kwa furaha peke yake. Hemoglobini yangu ni 9.6. Kilima nilichokuwa nakipanda huku naongea, sasa nakipanda mikono magotini.

Jumatano, 17 Septemba
Mama ametoka sokoni Tengeru, akapika loshoro. "Kula, mwanangu, umekwisha." Halafu, kwa sauti ya chini: "Safari ile ya mwisho ulikula kwa nani?" Nimemwambia hakuna aliyenitegea kitu. Sidhani kama ameamini.

Nilimuuliza daktari kwa nini nisianze predinisoloni leo leo. Kumbe ikiwa ni amiba, au kifua kikuu cha utumbo, dawa inayoshusha kinga itazidisha balaa. Tena ya kumeza imekatazwa na WADA, wale wanaopambana na dawa haramu michezoni, wakati wa mashindano, labda uwe na kibali cha matibabu, na huwezi kuomba kibali bila vipimo. Diklofenaki nayo niache, inachokoza utumbo.

Jumatatu, 22 Septemba
Jana nimesoma habari za Darren Fletcher, yule kiungo wa zamani wa Manchester United. Ugonjwa huu huu anaoushuku daktari. Aliwaficha wenzake muda mrefu, Desemba 2011 klabu ikatangaza amesimama, 2013 akapasuliwa, na kabla mwaka haujaisha akarudi uwanjani. Upasuaji unanitisha. Kule kuficha kumenitisha zaidi, maana nakujua.

Leo baada ya mazoezi nimemweleza kocha yote, damu na choo, bila kuzunguka.
"Tangu lini?"
"Tangu masika."
Ameniondoa kwenye mbio za Oktoba papo hapo. Nimekasirika, nimebishana, hakubadilika.

Kamera ni Alhamisi. Jumatano sili kitu, nakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Kocha amesema atanipitia saa kumi na moja alfajiri, tushuke Moshi pamoja.