Bibi Alinifia

Mtoto anayemkimbia mama yake anaogopa fimbo. Anayemkimbilia mama yake anatafuta kifua cha kulilia. Kiswahili hakina vihusishi vingi, na kazi kubwa tumekitwika kitenzi. Ukihama Tanga, umeondoka. Ukihamia Tanga, ndiyo kwanza unafika. Kiingereza huitoa kazi hiyo nje ya kitenzi na kuipa neno dogo linalojitegemea: "run from", "run to".

Vijana wa kidato cha kwanza ninaowafundisha tuisheni wametoka shule ya msingi, walikosoma karibu kila kitu kwa Kiswahili. Huniuliza 'kwa' ni ipi kati ya "in", "on" na "at". Ninawaambia hakuna jibu moja. 'Kwa kisu' ni "with", 'kwa basi' ni "by", 'kwa shangazi' inaweza kuwa "at". Basi wasitafsiri neno, waulize uhusiano: ni chombo, ni njia, au ni mahali?

Kanuni hiyo inawasaidia. Mimi ilinikwamisha mwaka jana, bibi aliyenilea alipofariki na nikahitaji kumwandikia msimamizi wangu wa tasnifu, ambaye hajui Kiswahili. Kichwani nilikuwa na sentensi moja tu: bibi amenifia. Nikaitafutia kihusishi. "She died for me" ingemfanya bibi aliyejitoa mhanga kwa ajili yangu. "She died on me" ipo, watu huisema, lakini ina lawama, kana kwamba bibi aliniacha njiani makusudi. 'Amenifia' haimlaumu marehemu. Inasema tu kwamba kifo ni chake na pigo ni langu. Ndiyo maana waliobaki tunawaita wafiwa.

Mwishowe niliandika "My grandmother has died", nikaomba ruhusa ya wiki moja. Sarufi ilikuwa safi, ila mle ndani nilibaki mjukuu tu, pigo halikuonekana.

Jibu lilikuja jioni ileile: "I am sorry for your loss." Nimeshaisoma sentensi hiyo mara nyingi kwenye kadi na filamu, nikaiona ya mazoea. Siku hiyo niliisoma polepole. Baada ya "for" palikuwa na "your", na baada yake msiba, ukiwa umeandikwa kwamba ni wangu.