Hivi watengeneza gemu huwa wanacheza gemu zao wenyewe?

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, mnisamehe. Kazi zilinibana, halafu kulikuwa na jambo moja ambalo nilikuwa naona aibu kuliandika. Leo nimeamua kulitoa.

Jambo lenyewe linamhusu mshkaji wangu mmoja tuliyesoma naye sekondari. Jina lake naliacha. Huyu jamaa anatengeneza gemu ya simu. Hajaajiriwa na mtu, ni yeye na laptop yake chumbani kwake Temeke, usiku akishatoka kazini. Ni gemu ya daladala. Wewe ni dereva, una konda wako, unatoka Mbagala Rangi Tatu unaenda Kariakoo, enzi zile kabla ya mambo ya mwendokasi. Unapakia abiria, unakwepa mashimo, unamkwepa trafiki, na jioni lazima upeleke hesabu kwa tajiri. Huu ni mwaka wa tatu anahangaika nayo. Kama umewahi kuning'inia mlangoni kwenye gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni utakubaliana nami kwamba wazo si baya hata kidogo.

Sasa, mwezi uliopita nilimtembelea. Waandishi tuna ugonjwa wa udadisi, nikamuuliza swali ambalo niliona ni la kawaida kabisa: "Hivi mwanangu, wewe mwenyewe huwa unaicheza? Yaani kwa kujifurahisha tu, si kwa kuikagua?"

Akanyamaza. Kisha akasema mara ya mwisho kuicheza akacheka ilikuwa mwaka wa kwanza. "Siku hizi nikiifungua naona kasoro tu. Naona tairi limezama kwenye lami. Naona pale nilipoandika nikiwa nasinzia." Akaniwekea gemu kwenye simu yangu, akasema: "Kaa nayo wiki moja, halafu niambie ukweli. Mimi siwezi tena kujua kama ni tamu au mbaya."

Lile jibu lilinikaa kichwani. Mimi nilidhani mtu anayetengeneza gemu anaishi peponi, anacheza kutwa na analipwa. Nikaanza kusoma habari za wakubwa wa kazi hiyo, na wa kwanza kunifurahisha alikuwa Mjapani mmoja, Kazuhisa Hashimoto, wa kampuni ya Konami. Katikati ya miaka ya 1980 alipewa kazi ya kuichukua Gradius, gemu ya ndege za kivita za angani iliyokuwa inachezwa kwenye mashine za kumbini, na kuihamishia kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo. Toleo hilo lilitoka mwaka 1986. Tatizo ni kwamba gemu ilikuwa ngumu mno na yeye mwenyewe hakuiweza! Alikuwa anakufa kabla hajafika sehemu alizotakiwa kuzikagua. Basi akajitengenezea njia ya panya: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, halafu B na A. Ukibonyeza hivyo unajaziwa silaha. Alichagua mpangilio ambao yeye mwenyewe angeukumbuka kwa urahisi, na gemu ikaingia sokoni na njia hiyo ikiwa bado humo ndani.

Wale mliokulia kwenye zile mashine za Kichina zenye kanda za njano mmeshaanza kutabasamu. Ndiyo, ni ile ile ya Contra, ya kupata roho 30. Kaka yangu alitunyanyasa kwa siri hiyo likizo nzima, alikuwa anageuza pedi tusione vidole vyake. Kumbe ilianzia kwa mtu aliyeshindwa na gemu aliyokuwa anaitengeneza. Hashimoto alifariki mwaka 2020.

Mwingine ni Hidetaka Miyazaki wa FromSoftware, wale wa gemu za kukufanya utupe pedi ukutani. Kabla Elden Ring haijatoka mwaka 2022 alisema huenda asiicheze kabisa, kwa kuwa ameitengeneza mwenyewe na hakuna kitakachomshtua humo. Miaka miwili baadaye alikiri kuwa amelazimika kuicheza ili kujiandaa na nyongeza yake, na kwamba yeye si mchezaji hodari, anatumia kila msaada uliomo. Nilicheka peke yangu ofisini.

Ila aliyenigusa ni Mmarekani Eric Barone. Huyu alitengeneza Stardew Valley, gemu ya kulima shamba, peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Michoro yeye, muziki yeye, maneno yeye, programu yeye. Mpenzi wake ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama za maisha, na yeye jioni alikuwa akiwaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho huko Seattle. Kuelekea mwisho aliichoka gemu yake kiasi cha kuiona takataka. Ikatoka Februari 2016, na hadi leo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Hebu fikiria: mtu aliyeijua gemu hiyo kuliko binadamu yeyote ndiye alikuwa hawezi kuionja. Ni kama mama aliyeshinda jikoni anakaanga vitumbua tangu alfajiri. Ukimwambia karibu tule anaomba maji tu.

Basi nikaona nimepata jibu. Lakini wapo wawili watatu waliolivuruga. Alexey Pajitnov, mwaka 1984, alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Kisovieti mjini Moscow. Alitunga Tetris kwenye kompyuta ya Elektronika 60, mashine isiyoweza hata kuchora picha, ikabidi vile vipande avitengeneze kwa alama za mabano. Na alinasa! Amesimulia mwenyewe jinsi alivyoshindwa kuacha kucheza, akawa anajifanya bado anaifanyia kazi kumbe anapanga vipande. Miaka michache kabla ya hapo, kule California, wanafunzi Michael Toy na Glenn Wichman walikuwa wamechoshwa na gemu za kusafiri mapangoni ambazo ukishazimaliza mara moja basi, hazina jipya, na aliyezitunga ndiye hana jipya kabisa tangu siku ya kwanza. Walipotunga Rogue wakaiachia kompyuta ichore pango jipya kila mara, ili hata wao wasijue nyuma ya mlango kuna nini. Unaona? Pajitnov hajui kipande gani kinakuja. Toy na Wichman hawajui joka limelala wapi. Wenzao wanajua kila kitu, kwa sababu walikiweka hapo kwa mikono yao.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu.

Wiki ilipita. Nilikuwa na makala mbili za kumalizia, mara msiba, mara foleni. Jamaa akanipigia, "Vipi mwanangu, umeionaje?" Nikamjibu bila hata kumeza mate: "Kali sana! Nimekesha nayo."

Kimya. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha kuumia. "Ulikesha wapi? Umecheza dakika 11. Hukuvuka Zakhem."

Kumbe gemu yake ina kijidaftari cha siri kinachoandika mchezaji amecheza dakika ngapi na amekwamia kituo gani, na kinamtumia yeye. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kujitetea, kazi nyingi, unajua tena. Akanikatisha kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza: "Na wewe makala zako, zikishachapishwa huwa unazisoma?"

Sisomi. Sijawahi kusoma hata moja tangu ile ya kwanza niliyokuta jina la kijiji limekosewa, na kosa lilikuwa langu. Mama yangu ndiye anazitunza, ziko kwenye mfuko wa Rambo chini ya godoro. Wageni wakija anawasomea kwa sauti, mimi natoka nje kujifanya napokea simu. Ningejuaje kama ni nzuri? Nawategemea watu waniambie. Na wangapi kati ya hao waliniambia "kali sana" wakati hawakuvuka aya ya pili?

Usiku huo nikakaa na ile gemu kwa heshima zote, saa tatu nzima. Nikafika Kariakoo mara nne. Kisha nikampigia nikamwambia ukweli, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia konda anachekesha na honi ni tamu, lakini kuanzia safari ya pili inachosha. Yule mama mwenye beseni la samaki yuko kituo kile kile kila siku. Trafiki anasimama pale pale. Safari ya tatu nilikuwa naendesha huku naangalia tivii. Nikamsimulia habari za Rogue na yale mapango.

Akasema "sawa kaka," akakata. Kaka! Mtu ambaye tangu kidato cha kwanza hajawahi kuniita zaidi ya mwanangu. Siku tisa hakupokea simu yangu. Nilishajihesabia kuwa nimempoteza rafiki na nimeua gemu kwa siku moja.

Juzi saa sita usiku simu ikalia. Ni picha imetoka kwake. Daladala imesimama Mtoni kwa Aziz Ali, imeinamia upande mmoja. Mlangoni kaning'inia njemba mmoja kabeba mlango wa mbao, mlango mzima na fremu yake, nyuma yake mama wa samaki ambaye hakai pale, na trafiki keshanyoosha mkono. Chini kaandika: "Mwanangu nimeshindwa. Huyu wa mlango sikumtegemea kabisa."

Nikampigia hapo hapo. Akapokea, nikasikia ile honi.

"Subiri kwanza," akasema, "niko Rangi Tatu napakia."