Kanisa la Kibuye, jana na leo



Mwezi uliopita sisi walimu wa kujitolea tulishuka na vijana wa darasa letu toka Kiziba mpaka Karongi, mji ambao wazee bado wanauita Kibuye. Ni mteremko tupu, magoti yanatetemeka. Tulitaka waone kanisa katoliki la mawe, lile liko juu ya kilima kando ya ziwa Kivu.

Zamani lilikuwa la misa tu. Liko chini ya jimbo la Nyundo, sawa na parokia ya Busasamana kule Rubavu. Aprili 1994 likageuka kimbilio. Watutsi waliingia na watoto wao, wakiamini nyumba ya Mungu haitaguswa. Tarehe 17 wakauawa humo, watu zaidi ya 11,000.

Baadaye likawa mahali pa ushahidi. Mwanzo wa 1996 wataalamu walifukua kaburi la pamoja karibu na kanisa, kwa ajili ya mahakama ya Arusha. Mwaka 1999 mahakama hiyo ilimhukumu Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, kifungo cha maisha.

Leo misa inasomwa tena ndani, na nje kuna ukumbusho. Nyamata ni tofauti: kanisa halisali tena, limebaki ukumbusho, na 2023 UNESCO ililiweka katika urithi wa dunia.

Kijana mmoja akatuuliza: "Mwalimu, wanawezaje kuimba hapa?" Tukanyamaza. Akajibu mama mmoja tuliyekuwa naye. Yeye alikuwa kambi ya Mudende mwaka 1997, iliposhambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba. Alisema: "Mlango ukifungwa, majani yataota. Wakiimba, angalau kuna watu wanapita na kukumbuka."

Hatukubishana. Wengine bado wanaona Nyamata walifanya vizuri zaidi, na hiyo si kosa.

Wakati wa kupanda tulifikiria darasa letu wenyewe. Jumatatu ni shule, Jumapili ni maombi, siku ya msiba ni matanga. Watoto wanalijua kwa choki tu.

Basi wazazi, jioni moja waambieni watoto: mlijificha nyumba gani, nani aliwafungulia mlango. Sisi tutawapa daftari waandike.