Kitufe Kimoja, Amri Mbili

Miongoni mwa vitu vya nyumbani vitumikavyo bila kutafakariwa, swichi ya taa ina nafasi ya mbele. Mkono hupapasa ukuta gizani, na mara chumba hujaa nuru. Swichi ya namna hiyo haina fumbo: ikilala upande huu taa huwaka, ikilala upande wa pili taa huzimika. Sura yake ndiyo kumbukumbu yake. Lakini kitufe cha kubonyeza kinachorudi mahali pake kila kiachiwapo hakina alama hiyo. Amri ni moja, matokeo ni mawili. Kwa hiyo hapana budi pawepo mahali pengine pa kukumbuka hali iliyopo, ili ipate kugeuzwa.

Mwaka 1918 wanafizikia wawili wa Uingereza, William Eccles na F. W. Jordan, waliomba hataza ya saketi ya valvu mbili iliyoweza kudumu katika mojawapo ya hali mbili mpaka iguswe tena. Wazo hilo limo hadi leo ndani ya kila kompyuta, na ndilo linalowakabili watungao michezo ya kompyuta. Katika mchezo wa The Legend of Zelda: A Link to the Past, uliotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1991, mna swichi za kioo. Mchezaji akiipiga moja, vizuizi vya buluu hushuka na vya rangi ya machungwa huinuka. Akiipiga tena, mambo hugeuka. Tendo moja hufungua njia na kufunga nyingine.

Mwanafunzi wa siku hizi aweza kujaribu jambo hilo kwa Scratch, programu ya watoto iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani. Tuseme msichana wa miaka kumi na miwili ametunga daraja linalotokea na kutoweka kwa kitufe kimoja. Ameweka kigeu chenye thamani 0 daraja lisipokuwapo, na 1 likiwapo. Kisha ameandika amri mbili mfululizo: ikiwa ni 0, iwe 1, ikiwa ni 1, iwe 0. Anabonyeza, wala daraja halitokei. Sababu ni kwamba amri ya kwanza hugeuza 0 kuwa 1, na papo hapo amri ya pili huikuta hiyo 1 na kuirudisha kuwa 0. Dawa yake ni kuunganisha amri hizo kwa neno “la sivyo”, ili moja tu itekelezwe. Au kuandika kwa ufupi kwamba thamani mpya ni 1 kutoa thamani ya zamani.

Akiisha kurekebisha hilo, daraja huanza kumetameta kama taa yenye waya uliolegea. Programu yake hukitazama kitufe takriban mara 30 kwa sekunde, na kila ikikikuta kimebonyezwa huigeuza hali. Kidole kikikaa nusu sekunde, daraja limegeuka kama mara 15, na mwisho wake ni bahati nasibu. Hapana budi programu igeuze mara moja tu, kisha ingoje kitufe kiachiwe.

Kosa la tatu ni zito kuliko hayo, kwa kuwa kompyuta hailioni. Mchezaji huvuka daraja, kisha kitu fulani kikaligusa lile swichi, daraja likatoweka, naye akabaki ng'ambo pasipo njia ya kurudi. Amri zote ni sahihi, lakini mtu amefungiwa. Katika mchezo ule wa 1991 swichi huweza kupigwa hata kwa mshale kutoka mbali.

Kila mlezi aliyeketi karibu na mtoto anayejifunza anajua la kuhofia hapa. Mtoto akibonyeza na kitu kisitendeke, hamshuku mtunzi, hujishuku mwenyewe. Hubonyeza tena kwa nguvu zaidi, hunyamaza, kisha huondoka akiamini kwamba mambo hayo ni ya watu wenye akili kuliko yeye. Mtunzi hayupo pale kumwambia kwamba kosa si lake. Heri basi kitufe chenyewe kiseme: kibadili rangi, kitoe mlio, na kionyeshe hali ilivyo sasa.

Wahenga walisema, mwanzo wa ngoma ni lele. Mwanzo wa mchezo mwema ni jaribio dogo: kabla ya kumpa mwenzake, mtunzi na asimame kila mahali mchezaji awezapo kusimama, akibonyeze kitufe mara moja, kisha mara ya pili, na kila safari aitafute njia ya kutoka.