Bodingi Pasi ya Shangazi

London

Baba Mdogo, 

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli huku ndege hazipandwi tena kwa karatasi. Inategemea shirika, na kwa kuwa Shangazi anajiandaa kuja, nimeona nikuandikie kwa kirefu.

Ryanair ya Ireland, inayobeba zaidi ya abiria milioni 200 kwa mwaka, haipokei bodingi pasi uliyojichapia nyumbani tangu Novemba 12, 2025. Unachekini mtandaoni, pasi inaingia kwenye programu yao, na mlangoni unaonyesha simu. Wanasema abiria wanane katika kila kumi walikuwa tayari wanatumia simu, na kwamba tani zaidi ya 300 za karatasi zitaokolewa kila mwaka. Hesabu hiyo siwabishii. Wasiwasi wangu ni kwa wale wawili waliobaki.

Shangazi ni mmoja wao. Anatumia kitochi, na kinamtosha. Akiuza mpunga, hela inaingia M-Pesa, meseji anaisoma mwenyewe, haulizwi bando wala ukubwa wa kioo. Kwa hiyo sisemi kwamba watu wetu wanaogopa simu. Teknolojia iliyowafuata mpaka kwenye majaruba waliipokea siku nyingi. Hii ya ndege inataka simu janja, intaneti, chaji ya kutosha na macho ya kusoma maandishi madogo kwa lugha ya kigeni.

Na mashine ya pale mlangoni haina ubaguzi. Ile alama nyeusi inayosomwa ina jina lako, namba ya safari na kiti, iwe imechapwa au inawaka kwenye kioo. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilitoa kanuni za alama hiyo mwaka 2005, na kufikia mwisho wa 2010 pasi za utepe wa sumaku zilikuwa zimeachwa. Faida mojawapo iliyosifiwa wakati ule ilikuwa kwamba abiria anaweza kujichapia pasi yake nyumbani!

Kwenye uwanja mmoja wa huku nilimwona mzee ambaye kioo cha simu yake kilikuwa na ufa uliopita katikati ya alama ile. Akaigeuza, akaifuta kwa shati, akaongeza mwanga, mashine ikakataa. Nyuma yake foleni ikaanza kuguna. Mhudumu akamwambia asogee pembeni, akabaki amesimama na tiketi aliyoilipia, mikono ikimtetemeka. Iliniuma sana.

Ili niseme haki, Ryanair wanaeleza kwamba ukishachekini mtandaoni, halafu simu ikaisha chaji au huna simu janja, uwanjani watakupa pasi bure. Usipochekini kabla, kaunta inaweza kukutoza hadi pauni 55. Maana yake karatasi bado ipo, ila imegeuka msaada wa kuombwa dirishani, kwa Kiingereza, muda unayoyoma. Mimi nataka ibaki haki ya abiria, aichague tangu anapokata tiketi.

Sasa safari yenyewe. Kutoka huko kwenu Madibira apite Mafinga hadi Iringa, au ashuke Rujewa na kwenda kupandia ndege uwanja wa Songwe. Mtaamua kwa kuangalia barabara. Dar, pale jengo la tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, kaunta watakagua pasipoti na viza, kisha watampa bodingi pasi ya karatasi. Aitie ndani ya pasipoti, asiifunge kwenye pindo la kanga maana alama ikikunjika huenda isisomeke.

Kazi ni kutoka hapa London kwenda Bergamo, Italia, kwa Ryanair, kumwona binti yake. Asisafiri peke yake. Nitakata tiketi zetu kwa pamoja, pasi zote mbili zikae kwenye simu yangu, na nitabeba chaja ya akiba. Mwanzoni alitaka aende mwenyewe, na uwezo huo anao. Mwanamke aliyeuza mchele wake hadi Dar hashindwi na ndege ya mwendo wa saa mbili. Kinachomzuia ni simu tu, na hilo silikubali hata kidogo.

Nijulishe mpunga wenu utavunwa lini, nisije nikamkatia tiketi katikati ya mavuno. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Mwanao