Makaburi ya Taveta yana majina. Wetu wako wapi?

Wiki jana nilipanda matatu Voi nikaenda Taveta kupiga picha makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mawe yamepangwa mistari, majina yamechongwa. Kuna waliokufa 1916, mwaka wa mapigano ya mlima Salaita na Latema, wengine wametoka Afrika Kusini huko. Nitasema ukweli: nilisikia wivu.

Nyanya yangu alikuwa na baba mkubwa ambaye hakuwahi kumwona. Alichukuliwa Mgange akiwa kijana, enzi za ile kamatakamata ya 1917, akabebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza hadi Tanganyika. Kariakoo. Ndiyo, hilo jina la mtaa wa Nairobi na soko la Dar limetokana na Carrier Corps, hao wapagazi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Wa kwetu hakurudi, na hakuna barua iliyokuja.

Sasa elewa hii ilimaanisha nini kwa Mtaita wa wakati ule. Mzee akifa alizikwa, halafu baada ya muda fuvu lake linafukuliwa na kuwekwa kwenye pango la ukoo pamoja na ya mababu. Mvua ikikataa, watu walienda pale kutasa, kuomba na kutemea pombe ya miwa. (Hayo mapango bado yapo milimani. Tafadhali usiende kupiga selfi na kichwa cha babu ya mtu.) Baba yake nyanya aliwaambia kitu kimoja kuhusu kaka yake: kichwa hakikurudi. Kwake msiba haukuwa umeisha.

Na tusidanganyane ati rekodi zilipotea tu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi haya ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ikataja ubaguzi. Waliomba msamaha. Sawa, lakini miaka zaidi ya 100 baadaye msamaha hauchongi jina.

Simtaki yeyote ang'oe mawe ya Taveta. Hao pia walikuwa watoto wa watu. Nataka ukuta kando yao, na kaunti isingoje London. Majina mengine bado yako vichwani mwa wazee wetu, Wundanyi, Mwatate, Sagalla, Kasigau, na wazee wanaondoka kila mwezi.

Kwa hivyo ukienda ushago Disemba hii, kabla ya chapati, muulize nyanya: nani alienda kariakoo? Andika jina na kijiji, nitumie. Nimefungua daftari. Jina la kwanza ni la yule wa Mgange. Nyanya alinitajia mara mbili, akahakikisha nimeandika vizuri.