Nyumba Bora na Maji ya Kagerankanda

Twende Kagerankanda, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Utaona vilima na miombo. Utaona mashamba ya mahindi, maharage na mihogo. Utaona pia matanuri ya matofali. Kila mtu anataka nyumba bora ya bati.

Zamani Benki ya Nyumba ilikopesha wajenzi. Ilifungwa mwaka 1995. Siku hizi halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Lakini ni wa mradi, si wa kujengea nyumba yako. Vijana wanaofyatua matofali wanaweza kuuomba. Vikundi ni vingi, fedha hazitoshi. Ndiyo maana vinashindana.

Kushindana kwa kazi si vibaya. Vibaya ni kugombea maji. Tofali linataka maji, tanuri linataka kuni. Basi wafyatuaji hukimbilia bondeni, penye chemchemi. Wakimaliza miti pale, chemchemi itakauka. Akina mama watafuata maji mbali. Na matofali je, yatafyatuliwa kwa nini?

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au za kuharibu, ndani ya meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Hizo ni kama hatua 80 za mtu mzima. Zihesabu leo. Fyatua ng'ambo ya hapo. Panda miti yako ya kuni. Maji ya kunywa yachotwe kwanza, ya matofali baadaye.

Nyumba isiyo na maji si nyumba bora.